Kiraka Kimoja Kimepungua

Mawifi hatuishi kuchambuana, na huyu wangu nimemchambua vya kutosha. Mke wa kaka yangu ni mwandishi wa programu za kompyuta; akipika anaunguza, akipiga pasi anaunguza. Lakini siku ile nilimvulia kofia.

Mama alikuwa amekata mashati yote ya marehemu baba yakawa viraka vya mraba, ashone blanketi. Masharti yake yalikuwa mawili: kisibaki kiraka hata kimoja, wala kisiingie cha nguo ya mtu mwingine. Viraka vilikuwa mia nne thelathini na tisa. Alivipanga sakafuni safu za kumi kumi, vikabaki. Akajaribu kumi na tano, vikabaki. Mwisho akakaa katikati ya viraka akalia.

Wifi akafungua kompyuta kando ya cherehani.

"Humu kuna maktaba," alisema. "Si ya vitabu. Ni kazi ambazo wenzetu wameshaziandika, sisi tunaziita tu."

Akaandika mstari mmoja kutafuta vigawo, yaani namba zinazoigawa idadi ile bila kubaki kitu. Jibu lilikuja kabla sijapepesa macho: 439, peke yake.

"Haigawanyiki, mama. Labda tushone safu moja."

"Hilo si blanketi, ni mkanda," nikasema. Mama hakucheka.

Mwingine angefunga kompyuta yake akaenda zake. Wifi akajaribu 440. Ikaja 2:3, 5:1, 11:1. Mimi mjuaji nikatangaza kwamba ni mbili kwa tatu.

"Polepole, wifi. Hiyo ni mbili mara mbili mara mbili, mara tano, mara kumi na moja." Akazikusanya mafungu mawili. "Ishirini kwa ishirini na mbili. Blanketi zuri kabisa. Kimepungua kiraka kimoja."

"Mashati yamekwisha," mama akasema.

"Sikusema shati, mama."

Nilitaka kumfinya. Sharti ni sharti, na mama akikasirika nyumba nzima hailali. Wifi hakutetereka, nami nilimpenda kwa hilo.

"Kwa 439 baba yuko peke yake," alisema taratibu. "Sidhani kama alipenda kuwa peke yake."

 Mama akachukua mkasi, akashika pindo la gauni alilolivaa, akakata mraba pale pale.

"Kishoneni ubavuni mwa shati lake la harusi," akasema.