Maziwa ya Narok

Asubuhi ya kikao, Naserian alimkamua ng'ombe Narok mapema, akajaza kibuyu, akakifunga vizuri na kumkabidhi utingo wa basi la Korogwe. Huko stendi, Faudhia wa kibanda cha chai aliyapokea maziwa hayo kila siku na kuyasifu. Alisema maziwa ya unga yana uvivu, yakiingia kwenye chai yanalala.

Pale bomani, kama kwenye maboma mengine ya nyanda za Handeni, ng'ombe ni wa mwanamume na maziwa ni ya mwanamke. Hakuna aliyegombana kwa ajili ya hilo, mpaka redio ilipoanza kusema kwamba nchi huenda ikajitoa kwenye umoja wa soko na majirani zake. Mume wa Naserian, mzee Moreto, akapiga hesabu zake kichwani. Nchi ikijitoa, wanunuzi wa kutoka ng'ambo ya mpaka hawaji tena. Basi heri kuuza sasa. Wa kuanza naye angekuwa Narok, kwa kuwa alikuwa mnene.

Naserian alimvuta pembeni shemeji yake Kuntai.

"Shemeji, ukishika fimbo nisemee neno moja tu. Narok asiuzwe."

"Hilo tu? Hesabu limekwisha, shemeji."

Ilibidi amtume mtu, maana kikaoni asiyeshika fimbo hasemi, na wanawake hawaishiki. Tena fimbo ya boma lile ilikuwa na tabia yake tangu enzi za baba yake Moreto: lililotamkwa nayo lilitokea. Wenyewe walishaizoea. Waliomba mvua nayo kwa adabu, isije ikazoa na mbuzi.

Afisa biashara wa wilaya, Bwana Rehani, alifika na pikipiki, akawaamkia wazee shikamoo na kusema amekuja kukusanya maoni kuhusu kujitoa. Jacob, mnunuzi kutoka ng'ambo, alikuwa ameshakaa na kikombe chake cha chai. Wanawake walikaa nyuma.

Moreto akaanza. "Tukijitoa, wanunuzi watatoweka."

Jacob akaanza kutoweka kuanzia kwenye viatu. Alikuwa mtu mstaarabu, akaharakisha kumaliza chai kabla hajafikiwa mdomoni. Kikombe kikabaki juu ya kigoda. Naserian alifurahi, akafunika mdomo kwa kanga asionekane.

Fimbo ikaenda kwa Mhina, aliyekuwa fundi wa kiwanda cha mkonge hadi kilipofungwa. "Tujitoe! Bidhaa za nje zimetuzika tukiwa hai. Tukijitoa, viwanda vitafufuka."

Bomba la moshi likachomoza katikati ya zizi la ndama, likapanda mpaka likaupita mgunga. King'ora kikalia. Mhina akatazama saa yake na kuuliza kama kuna mtu ana ovaroli. Ndama walisogea kidogo kulipisha.

"Maoni mazuri," alisema Bwana Rehani.

Ndipo fimbo ikamfikia Kuntai. Naserian alikohoa. Kuntai alikuwa na ulimi mtamu, na mtu wa namna hiyo akiona watu wamenyamaza kumsikiliza husahau hata alikotoka. Alisimama, akainua kidevu.

"Wazee, msiogope! Mnunuzi akitoka mmoja, watakuja wawili."

Wakaja wawili. Wote walikuwa Jacob, na kila mmoja aliulizia chai yake. Kabla Kuntai hajakumbuka alichotumwa, Jacob mmoja alikuwa ameshashikana mkono na Moreto na mwingine ameshamfunga Narok kamba. Kuntai alimtazama shemeji yake, akatazama chini. Naserian aliumia sana, wala hakuficha.

Bwana Rehani akashukuru, akasema maoni yao yatafikishwa. Halafu, akivaa kofia ya pikipiki, akawajulisha kwamba nchi ilishajitoa tangu Ijumaa.

"Sasa ulikuja kutuuliza nini?" Mhina aliuliza.

"Ili wananchi mshirikishwe."

Wazee wakaona hilo nalo ni sawa, wakatawanyika. Fimbo ilibaki imeegemea kigoda. Naserian, akikusanya vikombe, aliiokota aipeleke ndani. Ndama wa Narok alikuwa karibu, akijikuna kwenye bomba la moshi.

"Maziwa ya Narok ni yangu," Naserian alisema, akaingia ndani kuitundika.

Alfajiri kibuyu kilikuwa kimejaa, kina joto na povu. Aliendelea kukamua mahali ambapo Narok alikuwa akisimama, na palitoa vizuri. Ndama alinyonya hapohapo, akapiga mkia. Utingo alipokea kibuyu kama kawaida, na jioni Faudhia akarudisha salamu kwamba maziwa ya leo yamezidi utamu.

Baada ya wiki akina Jacob walituma malalamiko: ng'ombe mkavu, hatoi hata tone. Moreto alitikisa kichwa kwa huruma. "Ndiyo madhara ya kujitoa," alisema.

Alikuwa amekaa kwenye kivuli cha bomba la moshi, akinywa chai nzito ya maziwa. Aliinywa polepole, akaisifu, akamnyooshea mkewe kikombe aongezewe.

"Unaona, mama Naitoi? Ulikuwa unaogopa bure. Tumemuuza Narok na maziwa hayajapungua."

Naserian akammiminia.

"Basi," alisema Moreto, "kesho tumuuze na yule mwekundu."