Mafuta Ndani ya Mtori

Tangu Kornelia atoke hospitali mwezi wa tano, mumewe Thadeus ndiye aliyekuwa akipika. Mzee mzima wa Old Moshi, mwenye migomba na kahawa yake, akawa anashinda jikoni akiponda ndizi za supu ya mtori. Majirani walicheka mpaka wakachoka wenyewe. Daktari alikuwa amesema moyo wa mama unapiga ovyo, damu inaweza kugandia ndani yake, akamwandikia vidonge vya kuizuia isigande. Tena akakataza siagi na mafuta ya ng'ombe. Hapo ndipo Thadeus alipoingiwa na huzuni, maana mlimani mgonjwa hulishwa mafuta. Kumpa mtori mkavu ni kama kumwambia umemchoka.

Miaka ile bidhaa zilikuwa zikimiminika kutoka mpakani Tarakea, na binti yao Violet, mwenye duka pale Himo, akawaletea chupa ya mafuta ya mbegu za kitani.

"Haya ni ya mimea, baba. Yanasaidia moyo, yanalainisha choo, hata ngozi inapendeza. Kijiko kimoja kwa siku."

Nyuma ya karatasi ya chupa kulikuwa na maandishi mengine, madogo mno. Hakuna aliyeyasoma.

Kornelia aliyanusa mara moja tu. "Yananuka kama dirisha jipya la mbao lililopakwa vanishi. Mpelekeeni fundi seremala anywe."

Basi Thadeus akawa anayatia kwenye mtori kimyakimya. Kijiko kimoja, kisha viwili, na kufika wiki ya tatu vilikuwa vitatu vya mezani, kwa sababu alimwona mkewe ameanza kuchangamka. Kila asubuhi, kabla ya kumkabidhi bakuli, alionja kwanza mbele yake, kama inavyompasa yeyote anayempa mwenzake chakula au mbege, pombe ya ndizi, huko mlimani, ijulikane kwamba hana ubaya. Alionja, akabaki mzima. Angewaza nini zaidi?

Jumanne Kornelia alitoka damu puani. Jumatano fizi nazo. Alhamisi asubuhi alikutwa na madoa meusi mapajani, mfano wa mtu aliyepigwa, na damu ya puani haikukatika tena. Kaka yake, Melkior, akaja na pikapu wakamweka katikati yao, kanga imemziba uso.

"Shemeji," alisema Melkior, macho yake yakiwa barabarani, "mtu akitokwa damu namna hii, watu huuliza nani alimpikia."

"Mimi ndiye niliyempikia."

"Najua. Ndiyo maana nakuambia wewe."

"Melkior, endesha gari," Kornelia alisema ndani ya kanga. "Huyu hata kuku anamwitia jirani aje amchinjie."

Maneno hayo yalimchoma Thadeus kuliko ya shemeji yake.

Hospitalini mjini walipokelewa na Daktari Hajira, binti mdogo aliyewaamkia wote shikamoo kabla hajagusa mkono wa mgonjwa. Aliangalia fizi, akaangalia madoa, akauliza, "Mbali na vidonge hivi, mama anatumia kitu kingine? Cha kienyeji, cha dukani, chochote?"

"Hakuna," alijibu Kornelia, na kwa upande wake alisema kweli.

Thadeus alitazama sakafu. Mafuta si dawa, alijiambia, ni chakula. Melkior alikuwa amesimama mlangoni, mikono kifuani. Neno hili likitoka, Jumapili ukoo mzima utakuwa umelisikia nje ya kanisa: Thadeus alimtilia mkewe kitu kwenye chakula. Na mkewe atalisikia sasa hivi. Lakini nesi alikuwa anabadilisha beseni, la pili.

"Nimekuwa nikimtilia mafuta ya kitani kwenye mtori," alisema. "Vijiko vitatu. Kila siku. Yeye hajui."

Daktari aliacha kuandika. "Vijiko vitatu vya mezani?"

"Ndiyo. Lakini nilionja, mwanangu. Kila siku nilionja."

"Si sumu, mzee. Wapo yanaowasaidia, hasa kwa choo. Kuhusu moyo, bado wanachunguza. Ila nayo huenda yanaifanya damu ichelewe kuganda, na mama tayari anameza kidonge cha kazi hiyo hiyo. Wewe humezi kidonge."

Aliagiza sindano ya kuirudishia damu uwezo wa kuganda, akataka damu ipimwe haraka, na ndugu wajitolee nyingine.  Kuhusu kupona, alisema tusubiri.

Melkior alimkodolea shemeji yake macho. Kisha akakunja mkono wa shati. "Nikatoe damu," alisema. "Wewe baki naye. Tutazungumza nyumbani, kama kutakuwa na nyumbani."

Kornelia alikuwa amegeukia ukutani. Thadeus akasimama kando ya kitanda, hajui aweke wapi mikono.

"Nilikwambia sitaki," alisema Kornelia.

"Uliniambia."

"Ningekuwa mtoto ungenidanganya hivyo?"

 Sindano ilikuwa imechomwa, na pamba iliyokuwa puani ilikwisha kulowa, nyekundu mpaka kwenye vidole vya Kornelia. Nesi aliweka nyingine akaitwa kwingine. Kornelia alijaribu kuishika mwenyewe, mkono ukamlegea.

"Njoo ushike basi," alisema. "Taratibu. Usikamue kama mbege."

Thadeus akaketi, akashika. Alihisi pumzi ya moto ya mkewe kiganjani, na chini ya pamba unyevu uliokuwa ukija polepole, au uliokuwa umesimama. Hakuthubutu kuinua atazame.