Siku Wasswa Alipobusiwa Pete

Mimi ni mama wa pacha, na kwetu Buganda unachompa mmoja humpa na mwenzake. Wasswa alitangulia kutoka, Kato akamfuata kabla mkunga hajanawa mikono. Nikishona kaptula, nilishona mbili. Nikichapa, nilichapa wawili, hata kama aliyedokoa sukari guru ni mmoja. Lakini seminari ilimchukua Kato peke yake, na miaka arobaini baadaye wakamfanya askofu. Uaskofu nao haukatwi vipande viwili.

Jumamosi moja Kato alikuja nyumbani kwa mara ya kwanza tangu awekwe wakfu. Matoke nilikuwa nimeyafunga kwenye majani ya mgomba tangu alfajiri, na mchuzi wa karanga ulikuwa umeshakuwa mzito. Nikaweka sahani mbili zinazofanana. Wasswa hakutokea. Alikuwa kwenye banda lake la ngoma, nyuma ya miti ya kahawa, akamtuma mkewe Perepetwa aseme ana kazi.

"Kazi gani leo?" nikamuuliza.

Perepetwa akapiga magoti huku akizuia kicheko. "Mama, anasema hawezi kumpigia Kato magoti ambusu pete. Eti yeye ndiye aliyefungua mlango, Kato alipita tu."

Umri wangu ni miaka themanini na minne. Nilitaka kuwaona wanangu wakila pamoja, na saa tisa Kato alikuwa anaondoka. Nikafunika chungu. "Hapakuliwi mpaka wawe wawili," nikasema.

Askofu akainuka akaelekea bandani. Nikachukua fimbo yangu nikamfuata, maana nawajua.

Tulimkuta Wasswa amegandamiza goti kwenye ngoma kubwa, anawamba ngozi mbichi peke yake, jasho linadondoka kidevuni.

"Karibu, Baba Askofu. Mikono yangu michafu, sikushiki."

"Nani kakuomba mikono? Hiyo ngozi imelegea upande huu. Nani alikufundisha?"

"Baba. Wewe ulikuwa unasoma Kilatini."

"Haya, vuta huko, nivute huku."

Askofu akavua kanzu akaitundika kwenye mti wa kahawa, akabaki na fulana. Mara kamba ya ngozi ikanasa kwenye pete yake, akaivua. "Nishikie," akasema. Mfuko wa Wasswa ulikuwa umetoboka, basi akaichomeka kidoleni mwake. Wakavuta. Mmoja akiguna, mwenzake anaguna.

Hapo akaja mbio katekista Gaudensio, anamtafuta askofu. Akaona vitambi viwili, vipara viwili, na pete moja. Akaanguka magotini mbele ya Wasswa, akaibusu pamoja na mafuta yote ya ng'ombe.

"Mhashamu, niombee! Mke wangu mgongo unamuua."

Wasswa akanitazama. Mimi nikatazama migomba.

"Kuni anabeba nani?" akauliza, kwa sauti ya Kato kabisa.

"Yeye, Mhashamu."

"Na maji?"

"Yeye."

"Mwezi huu beba wewe. Mgongo utapona."

"Amina, Mhashamu!" Akaondoka mbio vilevile alivyokuja.

Askofu alikuwa amejikunja nyuma ya ngoma, anacheka mpaka anakohoa. Hata hivyo akanyoosha mkono, akamchorea Gaudensio ishara ya msalaba mgongoni kwa mbali, baraka isimpite.

"Nimehubiri miaka yote hiyo," akasema akipangusa machozi, "sijawahi kusema la maana kama hilo."

Wasswa akaivua pete kwa taabu. "Kumbe inabana."

"Inabana sana. Tena wanaonipigia magoti, hakuna hata mmoja anayenitania."

"Magoti sipigi, Kato."

"Nani kakuomba magoti? Nakuomba uje tule, kaka yangu."

Wasswa akaikagua ngozi, akaigonga mara moja, ikaitika. "Upande wako umelegea," akasema, na akatangulia njiani.

Wakanawa kwenye beseni moja. Mezani Perepetwa akasita, hajui nani abariki chakula, kwa kuwa mkubwa ni huyu na askofu ni yule.

"Sali wewe, mdogo wangu," Wasswa akasema, tonge liko mkononi tayari. "Ila iwe fupi. Nimekutangulia kuzaliwa, na njaa nayo imenianza mimi."