Hivi Karibuni

Wiki tatu tuligombana kwa ajili ya jina moja, na mimi ndiye niliyeshindwa. Kazi yenyewe ilionekana ya mchezo: katika mfumo mpya wa kompyuta tunaoutengeneza, kuwe na orodha ya faili ambazo mtu amezifungua mwisho, ili asihangaike kutafuta alichokiacha jana. Orodha nilishaimaliza. Kilichobaki ni jina la kitufe cha kuifungulia.

Mfasiri wetu alileta "Faili za Hivi Karibuni". Nikamwambia hivi karibuni ni jana na ni kesho pia. Hata duka lililofungwa huandika mlangoni "tutafungua hivi karibuni", na mwaka unapita. Mimi nilitaka "Ulizofungua Juzijuzi". Juzijuzi halina kona, halijawahi kumaanisha kesho.

Mkuu wetu tunamwita Bwana Nafasi, kwa sababu kila unachompelekea hukipima kwa rula. Alikuwa ameshaondoa tarehe, nafasi haitoshi. Orodha nayo ameikata ibaki faili kumi, nafasi haitoshi. Kikao cha mwisho akalipima jina langu, akalifuta lote, akaandika neno moja: Karibuni.

"Fupi, tamu," akasema.

"Bosi, hiyo ni salamu."

"Mtu atabonyeza, ataona. Watu si wajinga."

Nilichoka. Kuna watu ukibishana nao sana unaanza kujiona wewe ndiye mwenye kichaa. Nikatia saini yangu chini ya karatasi ya kulipitisha jina hilo, kisha, kwa kiherehere changu mwenyewe, nikaenda kuweka toleo la majaribio kwenye kompyuta ya shangazi yangu.

Shangazi alikuwa mkunga kwa miaka thelathini na minane. Sasa presha ya macho inamnyang'anya nuru kidogo kidogo, na daktari amemwambia mwaka ukiisha asitegemee kusoma tena. Kwa hiyo anaandika kitabu cha yote ambayo mikono yake inayajua, kwa ajili ya wakunga wanaoanza. Macho humtii asubuhi tu, muda wa kutosha ukurasa mmoja. Alikuwa amefika wa arobaini.

Baada ya siku kumi na mbili nilipita kumwona kabla ya kwenda kazini. Nilimkuta mezani, pua karibu iguse skrini.

"Shikamoo, shangazi. Kitabu kimefika wapi?"

"Marahaba. Ukurasa wa kwanza."

Nikadhani ananitania.

"Kompyuta imekimeza, mwanangu. Zamani nikiiwasha kilijifungua chenyewe; sasa nikiandika leo, kesho sikioni. Basi naanza tena."

"Na hukuniambia?"

"Nilikuona umechoka na hiyo kazi yako. Nikasema nisikuongezee."

Nikamwonyesha kitufe. "Hapa hukuwahi kubonyeza?"

"Hapo si inanikaribisha? Kila asubuhi naijibu, asante, nimeshakaribia. Nilishangaa tu inawakaribisha akina nani, na mimi niko peke yangu."

Nikabonyeza. Faili kumi, Waraka 3 hadi Waraka 12, bila tarehe. Zote zilianza na sentensi ileile: "Kabla ya kumgusa mama, pasha mikono yako joto." Kila moja ilikuwa fupi kuliko iliyoitangulia, na herufi zake kubwa zaidi. Ya mwisho ilikuwa na mistari minne tu. Kitabu chenyewe kilikuwa kimesukumwa nje ya orodha. Nilikichimbua kwenye folda yake, kurasa zote arobaini zikiwa salama.

Nilitamani kumtukana Bwana Nafasi, lakini saini ni yangu. Nikamweleza shangazi yote, na saini nikaitaja.

Akahesabu kwa vidole. "Asubuhi kumi na mbili," akasema. Afadhali angenigombeza.

Nikamwomba anipishe kiti. Nikafungua ukurasa wa arobaini na moja, nikamwambia afumbe macho yake ayapumzishe, yeye aseme, mimi niandike. Tulikuwa tumefika katikati ya ukurasa wa arobaini na nne simu yangu ilipolia. Alikuwa Bwana Nafasi: kikao kimeanza, niko wapi, na nitafika lini?

"Hivi karibuni," nikamwambia, nikaizima.