Taji la Pastory

Mzee Rwegoshora aliamka na hasira siku hiyo, na yeyote anayemjua kule Igurwa angekwambia kwamba hiyo si habari. Alikuja Kayanga na karatasi mfukoni, aliyoiandika kwa mkono wake, ili binti yake Jovitha amchapie wosia katika duka lake la steshenari. Kibanja cha mzee cha migomba na buni kingekwenda kwa mdogo wake, Pastory. Mzee hakujaliwa mtoto wa kiume, na ardhi ya ukoo haimfuati binti kwa mume.

"Chapa, wala usiniambie neno," alisema, kabla hata shikamoo ya binti haijakauka mdomoni.

Jovitha aliipokea karatasi. Ni yeye aliyepanda bodaboda kila Jumamosi kwenda Igurwa. Ni yeye aliyeng'oa migomba yenye mnyauko, mashina mia na zaidi, akapanda upya. Baba mdogo Pastory alifika mara moja kwa mwaka, buni inapouzwa. Basi alimkalisha baba yake kwenye kompyuta ya pembeni, akamfungulia gemu lake la wafalme ili apoe, naye akaanza kuchapa.

Gemu hilo mzee alilianza tangu Pasaka, na hucheza kila ajapo mjini. Mfalme ni Rwegoshora, mwenye ngome ya mawe na askari wa mikuki. Binti mfalme ni Jovitha, na ndugu wa mfalme ni Pastory, na wote gemu lenyewe huwaendesha. Majina aliyaweka mwenyewe, na maswali yote ya mwanzo aliyajibu mwenyewe, maana yeye si mtu wa kuuliza.

Sasa tazama mambo ya siku hiyo. Binti mfalme alikwishawafukuza maadui mara mbili na kujenga ukuta mpya. Pastory yeye alimwalika bata bukini kwenye pambano la upanga, akashindwa. Halafu akauza lango la ngome. Maadui wako mtoni, na mtu mzima anauza lango apate kununua kofia yenye manyoya. Mzee alifoka hadi mwalimu Anonciata, aliyekuwa akisubiri fotokopi zake, akasogea kutazama.

Mara mfalme mwenyewe akaona kipepeo, akamfuata dirishani, akaanguka, akafa. Kengele zikalia. Taji likaenda kwa Pastory, akalivaa juu ya kofia yake. Amri yake ya kwanza ilikuwa kwamba Jovitha atoke ngomeni kabla jua halijazama, na asichukue hata jembe.

Mzee alipiga meza. "Huu ni wizi. Mtoto kajenga ukuta, leo anafukuzwa na mtu aliyepigwa na bata? Nani katunga sheria hii? Nipe namba yake nimpigie."

"Ni wewe, baba," alisema Jovitha bila kugeuka. "Mwanzoni gemu liliuliza nani arithi. Ulichagua wanaume peke yao."

"Mwiba wa kujichoma hauambiwi pole, mzee wangu," alisema Anonciata, akachukua fotokopi zake na kwenda.

Printa ikamaliza kutoa wosia. Jovitha aliuweka mbele ya baba yake, na kalamu juu yake. Mzee alisoma mpaka kwenye jina la Pastory, akarudi juu, akasoma tena. Aliona aibu, na aibu ikamzidishia hasira, maana hakuzoea kukosea mbele ya watu.

"Na wewe umechapa yote haya umekaa kimya," alimgombeza. "Mdomo unao wa nini?"

"Ulinikataza kusema."

"Tangu lini ukanisikiliza? Haya, sema."

Jovitha alishika ukingo wa meza. "Nakitaka, baba," alisema. "Nakitaka kibanja."

Mzee Rwegoshora alifungua kinywa agombe, akakosa wa kumgombeza ila yeye mwenyewe. Alikuwa baba wa Jovitha kwa miaka thelathini na minne, na hakuwahi kumwuliza anataka nini.