Mstari Nyuma ya Gad

Mwezi wa tano mwaka tisini na tisa, mjini Gisenyi hukuweza kunywa chai kwa amani bila kuulizwa nani mchezaji bora wa msimu. Kinyozi alikuuliza wembe ukiwa shingoni, na ole wako ukosee jibu. Timu yenyewe ilikuwa moja, ya mpira wa kikapu, mali ya Karenzi mwenye malori, na wachezaji wake kumi na wawili ndio pekee mjini waliolipwa mshahara kwa kurusha mpira. Sisi wengine tulirusha bure.

Karenzi alichoshwa na ubishi. Msimu ujao timu ilikuwa iingie ligi ya Kigali, kila Jumamosi barabarani, na gari lake lilitosha wachezaji wanane tu. Wanane bora wangesafiri. Wanne waliobaki wangefanya kazi kwenye depo ya malori hapa hapa mjini, kwa mshahara uleule. Nani awapange? Karenzi akasema wapangwe kama tulivyochagua viongozi wa mtaa mwezi wa tatu. Kila mchezaji asimame uwanjani awape watu mgongo, asione nani anampenda na nani hampendi, na kila mtu ajipange nyuma ya amtakaye. Mwenye mstari mrefu kuliko wote ndiye wa kwanza, mwenye mfupi ndiye wa mwisho. Mji mzima ukashangilia. Watu hupenda sana jambo la wazi mpaka liwafike wao.

Libérata hakushangilia. Mumewe, Gad, alikuwa mmoja wa wale kumi na wawili, na goti lake la kushoto lilikuwa limeanza kulia kama bawaba ya mlango. Msimu wa juzi hakuna ambaye angethubutu kumweka chini ya wa pili. Msimu huu wengine walimtaja wa sita, wengine wa nane, na wenye ndimi mbaya hawakumtaja kabisa. Gad alikosa usingizi kwa kuogopa kuwa wa tisa. Libérata, ubavuni pake, alikosa usingizi kwa kuogopa asije akawa wa nane.

Barabara ya Kigali hupanda vilima vya Kanama, ikazungukazunguka hadi Ruhengeri. Mwaka uliotangulia kaka yake Libérata, Théogène, alipanda minibasi asubuhi kwenda kutafuta viazi, na jioni akaletwa amefunikwa shuka la watu. Waliolishambulia gari walitoka migombani na wakarudi migombani. Sasa askari walikuwa wamejaa njiani, watu walisema kumetulia, na minibasi zilijaa tena kama zamani. Libérata alisikia hayo yote na hakuyaamini hata kidogo. Aliwaza Jumamosi, na nyingine, na nyingine. Pale barieri ya mpakani, akivuka kwenda Goma na beseni la nyanya kichwani, alisahau hata kuitikia salamu za watu.

Alijaribu kumwambia.

"Gad, ile kazi ya depo iko muzuri. Unakaa hapa, saa ya chakula unarudia nyumbani."

"Depo ni ya wazee," Gad akajibu, akilichua goti kwa mafuta. "Mi ni mutu wa mupira, Libé. Siku watu wakiniacha, ujue nimekufa na bado natembea."

"Usitaje kufa."

"Bon, sitaji. Lakini Jumapili we unasimama wa kwanza nyuma yangu. Nisikie sabo zako, nitulie."

Sabo ni viatu vya soli ya mbao. Libérata alivinunua Goma, na vilipiga kelele kiasi kwamba majirani walimjua kabla hajaonekana. Gad alikuwa na mazoea ya kusema, "Chakula kimefika," mkewe akiwa bado njia panda. Hakuwahi kukosea. Libérata alijifanya kukasirika, lakini moyoni alipenda kujulikana kwa miguu yake. Ni wake wangapi husikilizwa hivyo?

Jumapili, baada ya misa, watu walishuka uwanjani kama wanaokwenda harusini. Upepo wa ziwa ulikuwa baridi. Wachezaji kumi na wawili walipangwa upande wa ziwa, nyuso kwenye maji, migongo kwetu, kila mmoja na jezi yake. Karenzi alisimama juu ya kreti ya soda na filimbi shingoni. Akaeleza sheria: kabla ya filimbi mtu ana ruhusa ya kuhama mstari apendavyo, filimbi ikilia hakuna kuinua mguu.

Wake walitangulia, ndiyo desturi iliyojizua yenyewe palepale. Mke asiposimama, nani asimame? Libérata akapita katikati ya uwanja wa saruji, ko, ko, ko, mpaka nyuma ya Gad. Gad hakugeuka. Aliinua kidole kimoja tu, kumwambia amemsikia. Libérata akakitazama kile kidole na machozi yakamjia.

Watu wakamiminika. Mstari wa Gad ulianza kwa aibu, kisha ukaota. Akaja Diane, jirani wa Libérata na mwenzake wa biashara ya nyanya. Wakaja wazee waliokumbuka enzi zake, na vijana wa depo. Libérata aligeuza shingo, akatazama huku, akatazama kule. Saba walikuwa na mistari mirefu isiyo na ubishi. Watatu walikuwa na vijimstari vya kuhurumiwa. Nafasi ya nane ilibaki kati ya Gad na jirani yake uwanjani, Jado, kijana mrefu ambaye bado hajazoea kucheza chini ya kikapu. Mistari yao miwili ilikuwa sawasawa, kichwa kwa kichwa.

Mtu mmoja, akawaza. Mtu mmoja tu akitoka huku akaenda kule, Gad anakuwa wa tisa. Tena wa tisa kwa heshima, kwa kukosa kidogo tu. Atanuna wiki mbili, kisha atakuwa mzima. Moyo ulimdunda hata akahofu Gad atausikia. Karenzi alikuwa ameshika filimbi, anasubiri wachelewaji wawili wanaokimbia kutoka barabarani. Wale wawili wangeweza kuja kwa Gad. Akamwona Théogène chini ya lile shuka la watu, nyayo zake zikiwa nje.

Akainama, akavua viatu. Akavishika mkononi, akavuka kwa miguu mitupu kwenye saruji ya baridi, hatua chache, bila sauti, akasimama mwisho wa mstari wa Jado.

Alisahau jambo moja, na lilikuwa mbele ya macho yake siku zote: mstari si karatasi ya kura. Karatasi ya mke haionekani, lakini mke akihama mstari mji mzima unamwona.

"Ee!" Diane aliwanong'oneza wa nyuma yake, na upepo wa ziwa ukayapeleka maneno nyuma, mbali na Gad. "Mama mwenyewe anatoka. Ye ndiye anaona ile goti kila siku. Kama ye anatoka, ujue goti imekufa."

"Imekufa kweli?" akauliza mzee mmoja.

"We unaona. Mutu anatoka kwa bwana yake bure?"

Bendera hufuata upepo. Diane akahama. Mzee akahama, akiguna kwamba ni huruma lakini timu haichezi kwa huruma. Vijana wa depo wakahama kwa kundi, mmoja kwa Jado, wengine kwa yeyote, viatu vyao vikipiga saruji kama mvua inayoanza. Libérata alitikisa kichwa. Aliwapungia mkono, viatu vikiwa bado mkononi, rudini, rudini, na wao wakadhani anawaita. Wale wachelewaji wawili walifika, wakauona mstari unaobomoka, wakapitiliza.

"Rudini!" hatimaye alisema kwa sauti, na akainua mguu arudi mwenyewe.

Filimbi ikalia.

Karenzi alishuka kwenye kreti, akaanza kuhesabu kwa kugusa watu mabega. Hakuna aliyethubutu kusogea. Libérata alisimama mahali pake na miguu yake mitupu, akiutazama mgongo wa mumewe. Kilichomtisha ni kwamba mgongo ule ulikuwa umetulia. Wachezaji wengine walihangaika, wakajikuna, wakapangusa jasho. Gad alisimama wima, mikono nyuma, kama mtu asiye na deni duniani. Alikuwa amesikia miguu yote ile ikiondoka, haikosi. Mbona ametulia? Mungu wangu, mbona ametulia hivyo?

Karenzi akafika kwenye nafasi ya Gad. Mkono wake wa kuhesabia ulibaki hewani, hauna bega la kugusa. Akakohoa.

"Gad," akasema taratibu. "Hakuna."

Gad akacheka kidogo, kicheko cha kumsahihisha mtu. "Iko mumoja," akasema. Akageuka.

Nyuma yake palikuwa na saruji tupu na kipande cha ganda la muwa. Alitazama chini kwanza, kama anayetafuta kitu kilichodondoka. Kisha akainua macho, akapita mstari kwa mstari, mpaka akamwona mkewe nyuma ya Jado, na viatu mkononi.

Walirudi nyumbani pamoja, kwa sababu nyumba ilikuwa moja. Watu waliwapisha njiani bila kusalimia. Libérata hakuvaa viatu; aliona haya kuvivaa. Walipofika penye njia panda akasema, "Gad, ni ile barabara. Ni Théogène. Mi nilitaka utoke wa tisa tu. Mumoja tu, mi peke yangu. Sikujua watu watanifuata."

Gad aliendelea kutembea, macho mbele.

"Nilisikia wote wakienda," akasema. "Mumoja mumoja. Nikasema, bon, waende. Libé mi sijasikia akienda, nasikia anawaita warudi. Libé iko."

Hakumpandishia sauti, na Libérata aliomba kimoyomoyo ampandishie.

Jumamosi ya kwanza ya ligi gari la Karenzi liliondoka na wanane wake, Jado akiwa dirishani. Libérata alishinda siku mbili na hofu ile ile ya zamani, ingawa safari hii hakuwa na mtu wake ndani. Jumapili jioni gari likarudi, honi zikilia mji mzima, wachezaji wakiimba, hakuna aliyekwaruzwa hata kucha. Wiki iliyofuata likarudi vilevile. Msimu mzima lilikwenda na kurudi.

Gad alifanya kazi depo, na saa ya chakula alirudia nyumbani, kama mkewe alivyotaka. Alikuwa mzima. Libérata alijiambia hivyo kila siku, mzima, mzima, na lilikuwa kweli, na halikumtosha. Alivaa viatu vyake vya mbao barabarani, uani, hata ndani ya nyumba, na alivipiga chini kuliko lazima. Jioni alitoka njia panda, ko, ko, ko, akavuka ua, akafika mlangoni na sufuria mkononi. Na Gad, aliyekaa akikitazama kikapu alichokitundika zamani ukutani, aliuliza bila kugeuka:

"Ni we?"