Macho ya Mama Mkubwa Raheli

Jumamosi ya tamasha Witness alifika ukumbini mapema ili apate meza ya karibu na mlango. Ukumbi ulikuwa wa harusi, nyuma ya stendi ya zamani ya Singida mjini, na usiku uliopita palikuwa na sherehe ya kumuaga bibi harusi. Vitambaa vya zambarau vilikuwa bado vinaning'inia darini na sakafu ilinata soda. Waandaaji, wanafunzi wa vyuo vya pale mjini, walikuwa wamebandika mlangoni karatasi yenye maneno TAMASHA LA ANIME KANDA YA KATI, na chini yake mwenye ukumbi alikuwa ameongeza kwa kalamu kwamba mapanga ya plastiki yasigongwe ukutani.

Witness alitandika khanga mezani, akapanga stika, vishikio vya funguo na picha zake. Meza ya jirani ilikuwa ya Miraji, ambaye aliuza picha za wahusika wa anime, zile katuni za Kijapani, wanaojulikana na kila mtu. Picha za Miraji zilitoka kila mwaka. Za Witness, ambazo alizitunga mwenyewe, zilikuwa zinarudi nyumbani. Watu walisimama, wakamwambia, "Unajua kuchora, dada," kisha wakasogea kwa Miraji wakiwa wameshika pochi.

Mwaka huu alikuwa na picha moja mpya. Ilikuwa ya mwanamke wa makamo, amefunga kitambaa kichwani, amesimama katikati ya moshi na mwiko mrefu mkononi kama mkuki, macho mekundu kama makaa. Chini yake yaliandikwa kwa herufi kubwa maneno MCHAWI WA MKALAMA.

Sura ilikuwa ya mama yake mkubwa, Raheli.

Raheli ndiye aliyemlea Witness baada ya mama yake kufariki. Alikuwa mpishi wa uji katika shule ya msingi ya kijijini kwao Mkalama, mbele ya Kinyangiri, na macho yake yalikuwa mekundu kwa sababu ya kuni. Shule ililetewa kuni mbichi miaka yote. Penseli za rangi za kwanza za Witness zilitoka kwenye moshi huo, na sare, na ada ya sekondari. Kisha mtoto wa Flora, jirani yao, alifariki kwa homa, na watu wakaanza kuzungumza juu ya macho. Hakuna aliyemgusa Raheli. Shule ilitafuta mpishi mwingine. Kisimani wanawake walisimama mbali mpaka achote na kuondoka. Mwenyekiti wa kitongoji, mzee Sostenes, alimshauri kwa upole ahamie kwenye kibanda cha shamba, kule bondeni, kwa usalama wake mwenyewe. Akahama.

Witness aliambiwa kwa simu. Alisema, "Pole sana, mama mkubwa," akasema atakwenda kumwona. Hakwenda. Badala yake alikaa na tableti yake akachora ile sura, na alipomaliza aliona ndiyo kazi yake nzuri kuliko zote. Miraji aliitazama akasema, "Mpe jina jingine. Mchawi anauza." Witness aliandika jina lile akiwa anakunywa chai, na chai haikupata hata nafasi ya kupoa.

Alipoipeleka kuchapwa, Chediel wa stesheneri alimwambia kwamba wino mwekundu umekwisha na mzigo haujafika. Witness akasema atoe hivyo hivyo. Ngozi ilitoka ya kijani, kitambaa kijani, mwiko kijani. Macho yakatoka mekundu. Chediel aliitazama printa, akaitazama karatasi, akaendelea kuchapa.

"Macho sijakuchaji," alisema wakati wa kufunga mzigo. "Hayo umekuja nayo mwenyewe."

Picha zilifuka moshi. Haukuwa mwingi, ulikuwa kama wa kijiti cha kiberiti kilichozimwa sasa hivi, na ulikuwa na harufu ya uji ulioshika chini. Pale ukumbini waandaaji walimwomba Witness asogeze meza dirishani ili wengine wasikohoe, akasogeza. Foleni ikamfuata huko huko. Waliokuja na mashati meupe walizishika picha kwa mbali.

Mchana, ukumbi ulipokuwa umejaa, Raheli aliingia.

Alikuwa amevaa gauni lake la kanisani na kitambaa kichwani, amebeba mfuko wa karanga. Kijana mmoja aliyejivika kama mhusika wa katuni, mwenye wigi la buluu na mabawa ya maboksi, alimwambia, "Shikamoo mama," Raheli akaitika, "Marahaba, mwanangu, pole na joto," akampisha mabawa yapite. Alielekezwa meza ya Witness na watu watatu, wote wakimwita dada yule wa mchawi. Witness alipomwona akija alisimama mbele ya nakala kubwa ya picha ile iliyobandikwa ukutani ili aifiche, lakini picha ilikuwa ndefu kuliko yeye.

"Shikamoo, mama mkubwa."

"Marahaba. Nimepita chumbani kwako, wakaniambia uko huku. Nimetoka hospitali ya macho." Raheli aliweka mfuko wa karanga mezani. "Wekundu unaondoka. Ulianza kuondoka kama mwezi umepita, kidogo kidogo. Nikaogopa. Daktari anasema haoni ugonjwa."

Ilikuwa kweli. Jicho la kushoto lilikuwa jeupe kabisa. La kulia lilikuwa na wekundu hafifu, kama wa mtu aliyekosa usingizi. Witness alikumbuka kwamba mwezi huo ndio alioanza kuuza picha ile kwa oda za simu. Alitaka kusema kitu, lakini Raheli alikuwa ameinua uso na anasoma ukutani. Alijifunza kusoma ukubwani, kwa hiyo midomo yake ilifuata herufi moja moja, na Witness aliweza kuona amefika wapi.

Kijana wa wigi la buluu, ambaye jina lake lilikuwa Deo, alikuwa amemfuata Raheli kwa nyuma. "Dada, huyu mama ni nani?" aliuliza. "Mbona kama ndiye?"

Wateja kadhaa waligeuka. Witness alianza kupanga stika.

"Ni mama mmoja wa kijijini kwetu," alisema. "Amekuja mjini kwa shughuli zake."

Raheli alisikia. Aliutoa mfuko wa karanga mezani akauweka chini, miguuni pake, kama mtu anavyofanya akiwa kwa watu asiowajua.

"Mama, samahani," Deo alisema. "Umevaa vizuri sana, hata kile kitambaa umekipatia. Macho tu ndiyo hukuweka. Mimi nina lenzi nyekundu kwenye begi, mpya, naweza kukuazima tupige picha."

"Asante, mwanangu. Yangu yalikuwa hivyo hivyo. Yameanza kuondoka."

"Sawa," alisema Deo, kama aliyeambiwa basi limeshatoka. "Tupige hivyo hivyo."

Raheli alisimama chini ya yale maneno, mikono imelala mapajani, uso umenyooka, kama alivyosimama siku ya kipaimara chake. Alitabasamu kwa sababu aliombwa atabasamu. Wengine nao wakaomba. Witness aliendelea kufunga picha za wateja na hakuinua kichwa.

Baadaye foleni ilipopungua, Raheli alizunguka meza akakaa kwenye kreti la soda, nyuma ya Witness. Msichana mmoja alinunua picha, akaondoka nayo ikifuka. Raheli alipepesa jicho la kulia. Akanunua mwingine. Akapepesa tena.

"Sasa naona maandishi ya pale mlangoni," alisema Raheli. "Hawataki mapanga yagongwe." Alitazama rundo la picha mezani. "Zimebaki nyingi?"

"Zimebaki, mama mkubwa."

"Basi uza. Zikiisha, nitarudi juu kijijini. Waliyahofia macho tu, mimi hawana neno nami."

Witness alizipanga upya picha ambazo tayari zilikuwa zimepangwa. "Lile neno," alisema kwa Kinyiramba, lugha ya kwao, ili wateja wengi wasielewe, "naweza kulikata. Mkasi ninao."

"Ukilikata watanunua?"

Witness alifunga picha nyingine. Alikuwa ameshajaribu, miezi ile ya nyuma, picha ile ile na jina jingine, na hakuna aliyeuliza hata bei.

"Basi liache," Raheli alisema. Kisha, baada ya kuitazama tena ile kubwa ya ukutani, akaongeza, "Pua umeipatia."

Jioni picha zote zilikuwa zimekwisha. Macho ya Raheli yalikuwa meupe kama ya mtoto wa chekechea. Miraji alimpongeza Witness kwa kuuza, akampa Raheli chupa ya maji, akamwambia mama ametakata.

Kesho yake walipanda basi pamoja. Walipofika, Raheli hakutaka kupita njia ya bondeni. Alipita katikati ya kijiji, mbele ya shule, kitambaa kipya kichwani, akimsalimia kila aliyemkuta. Walimwitikia kwa heshima wakiwa wamesimama mbali.

Mzee Sostenes alikuwa anaanika alizeti kwenye turubai nje ya nyumba yake. Aliacha reki, akapokea salamu, akamwambia mtoto alete viti. Flora alikuja kutoka jikoni kwake na kusimama kwenye kona ya nyumba, na majirani wachache, wengine vijana, wakajikusanya. Raheli alivua kitambaa ili watu wamwone vizuri.

"Mwenyekiti, nimekuja unitazame macho."

Sostenes alimtazama kwa muda wa kutosha. Hakuwa mtu wa haraka. "Yametakata," alisema.

"Ndiyo. Kwa hiyo naomba nirudi kwangu."

Flora alisema kitu kwa sauti ndogo na kurudi jikoni. Mzee alichukua reki yake tena lakini hakuitumia.

"Mama Raheli," alisema bila ukali wowote, "mtu mwenye macho mekundu anaweza kuwa na maradhi. Hilo tulikuwa tunalijadili hata sisi. Lakini mtu anayeyavua..." Alitoa simu mfukoni, akaipangusa kwenye suruali, akawaonyesha. Ilikuwa picha ya Raheli ukumbini, anatabasamu, na juu ya kichwa chake maneno yanasomeka vizuri. "Hii imetufikia tangu jana. Imeandikwa mjini, na vijana waliosoma. Hatukuandika sisi."

Raheli aliitazama. Hakumtazama Witness.

"Wewe, binti, unakaa huko mjini," Sostenes alimgeukia. "Unamjua aliyeandika?"

Alizeti ilikuwa nyingi mwaka ule. Witness aliangalia jinsi mbegu zilivyotandazwa sawasawa mpaka kwenye pembe za turubai. Alijua maneno ya kusema. Angesema kuhusu kuni mbichi, na kwamba kila mtu mzima chini ya miaka thelathini aliyesimama pale alikunywa uji uliopikwa kwa macho yale, na kwamba aliyeandika ni yeye. Hayakuwa maneno mengi.

"Simjui, babu," alisema.

Sostenes alitikisa kichwa kwa huzuni, kwamba mambo ya mjini ndiyo hayo. Aliwapa maji. Kisha Raheli alifunga kitambaa chake, akasema asante kwa viti, na wakashuka bondeni. Njiani alimwonyesha Witness mahali pa kukanyaga, kwa sababu palikuwa na utelezi. Kibandani alimpikia ugali na mlenda, akampa zile karanga za kurudi nazo mjini, na juu ya jambo lile hakusema lolote. Witness alisubiri aseme. Ingekuwa rahisi zaidi.

Tamasha lililofuata lilifanyika Manyoni, kwenye ukumbi mkubwa zaidi, na waandaaji walimwandikia Witness mapema kumwomba asikose kuja na mchawi. Alichapa nyingi. Wino mwekundu safari hii ulikuwepo, lakini macho yalitoka meupe, ikabidi ayapake kwa mkono, moja moja. Moshi haukutoka tena. Wateja waliuliza kidogo kuhusu moshi, kisha wakanunua.

Foleni ilikuwa imefika mlangoni Raheli alipopiga simu.

"Mwanangu, uko kazini?"

"Niko kazini, mama mkubwa. Shikamoo."

"Marahaba. Sitakuchelewesha. Nilitaka kukuuliza kuhusu wale wateja wako wa kwanza." Nyuma yake ulisikika upepo wa bondeni na kengele ya mbuzi. "Macho yamekuwa makali mno. Zamani nilikuwa nikipanda kisimani naona vivuli tu, nikifikiri ni miti, au ni ng'ombe wa watu. Sasa nawaona. Namwona Flora anavyogeuza ndoo akiniona bado niko mbali. Naona hata watoto wanavyovutwa mikono. Wale wadogo niliowapikia mwisho, wananitambua, wanataka kupunga, wanavutwa." Kengele ililia tena. "Hawawezi kurudisha zile picha? Si wote. Hata wachache tu, nipate ukungu kidogo."

Mbele ya meza alisimama msichana mwenye wigi jeupe, ameshika picha ya mchawi kifuani na pesa mkononi, anatabasamu kwa haya ya mtu anayemkatiza mwingine kwenye simu.

"Subiri kidogo, mama mkubwa," Witness alisema, akailaza simu mezani, akachukua picha na kuanza kumfungia.